Hasira Yenye Ratiba

Mume wangu ana hasira nyingi, lakini ni hasira yenye ratiba. Jumatatu anawakasirikia wanaochoma makanisa huko mbali. Jumatano anawakasirikia wanaowanyamazia wachomaji. Alhamisi jioni, kabla hatujaanza kupika chakula cha Sabato, anaketi mezani na simu yake, anaandika na kuitega hasira ya Jumamosi, itoke yenyewe asubuhi kama kengele ya saa. Sisi ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa simu zetu huzimwa mpaka lizame tena Jumamosi, na Maranga, mume wangu, haoni kosa lolote katika kutega. Mkono wake haugusi kitu siku ya Sabato, anasema, kazi imekwisha kufanyika Alhamisi.

Mimi ni Nyanchoka, Mama Valentine kwa majirani, fundi wa nguo. Wakati huo cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Bashir, hapa Migori mjini. Bashir na mkewe Sainab walikuja kutoka Isiolo kabla mimi sijaolewa. Mubarak, mdogo wake Bashir, ndiye aliyekata vitambaa na ndiye aliyekwenda Isebania kufuata mizigo. Mteja alinunua ndani, akapimwa nje. Idi tulikula kwao, na Krismasi, ambayo Maranga haitambui sana lakini wali wake anautambua, wao walikula kwetu. Binti yao Sumeya na Valentine wangu walilala kitanda kimoja kila shule zilipofungwa.

Ukurasa wa Maranga unaitwa Sauti ya Waliosahaulika. Yeye ni mwalimu wa historia, na mambo haya yalimwanzia siku alipoona picha ya kanisa lililoungua katika nchi ambayo mimi ningeshindwa kuionyesha kwenye ramani. Akaandika, watu wakalia naye, wakamfuata. Leo wafuasi wake wangejaza uwanja wa mpira na wengine wakabaki wamekalia ukuta. Kuna mheshimiwa mmoja alimwamkia kwa mikono miwili kwa sababu ya ukurasa huo, na kwa wiki nzima hatukupumua nyumbani kwa majivuno yake.

Bashir alikuwa akimchokoza wakinywa chai. "Mwalimu, hawa wako nimewaona. Mbona wale wenzangu wanaofukuzwa kule kwingine huwalilii?"

"Na wewe, Baba Sumeya," Maranga anajibu, "hawa wangu umewahi kuwalilia hata na jicho moja?"

Wakicheka, walicheka kweli. Lakini niliona kila mmoja anarudi kwenye kazi yake na kitu kimemkwama. Mimi nilikanyaga cherehani yangu nikijaribu kuamua nani amemshinda mwenzake, na sikuweza. Wote wawili walikuwa na haki na wote wawili walinichosha.

Agosti hiyo tulikwenda makambi ya kanisa Kendu Bay, kama kila mwaka. Tulifika Ijumaa mchana, tukasimamisha hema, tukaimba jua likizama, tukazima simu. Yangu niliisukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya blanketi, ili hata mkono usikosee njia.

Asubuhi ya Sabato nilikuwa nyuma ya mahema nikipasha uji uliopikwa jana yake. Jedidah, jirani yangu wa hema, akaja anatembea upandeupande. "Mama Vale, mimi nilikuwa naangalia saa tu, Mungu ananiona. Lakini umejua vile mnaongelewa onlaini?"

Akanipa simu yake. Picha ya mume wangu, ile ya siku ya kutoa zawadi shuleni, imezungushiwa duara jekundu, na juu yake: "Jirani yake ametekwa, yeye analia na wa ng'ambo."

Nikasoma kwenda chini, uji ukaungua. Ijumaa jioni, Bashir akifunga duka, gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya baraza letu. Wakashuka wanaume waliovaa kofia na kumwingiza Mubarak ndani bila kujitambulisha. Sainab alimpigia Maranga simu mara nyingi, imezimwa. Akanipigia mimi, imezimwa. Na asubuhi, wakati mji mzima unauliza Mubarak yuko wapi, Sauti ya Waliosahaulika ikasema. Ilisema maneno yaliyotegwa Alhamisi, kuhusu waumini wa ile nchi ya mbali: "Wanapochukuliwa, nani atauliza waliko?"

Kila mtu hapa kwetu anajua mambo ya kutekwa. Zile saa za kwanza ndizo saa. Kelele zikiwa kubwa, wanaomshika mtu huogopa, huweza kumwachilia. Kukiwa kimya, mtu hupotea, na familia hubaki inazunguka mochari. Na katika Migori yote hakuna aliyekuwa na kelele kubwa kuliko mume wangu.

Nilimkuta kwenye darasa la Shule ya Sabato, amesimama mbele ya watu anafundisha uvumilivu. Nilimwita kwa kidole. Alipotoka nilimwambia yote kwa pumzi moja, na nikaona uso wake unatafuta pa kushika.

"Lakini mimi sijasema kitu leo," alisema.

"Umesema. Asubuhi hii umesema."

"Ilijitoa yenyewe, Mama Vale. Niliitega kabla."

"Basi washa simu useme na ya Mubarak."

Akaitoa mfukoni, akaishika tu, haiwashi wala hairudishi. "Ni Sabato," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Ng'ombe wetu akitumbukia kwenye mtaro Sabato tunamtoa. Nimekuona ukimtoa! Ukiwa na suti!"

Kabla hajajibu, Mzee Oyaro, mzee wa kanisa letu, akatufikia akiwa amefunga mikono nyuma. "Sabato njema. Mwalimu, nasikia umefanya kazi leo. Umetangaza mambo kwa simu."

"Sikufanya, Mzee. Mashine ilituma peke yake."

"Mashine ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umeituma mashine yako ifanye kazi siku ambayo wewe umejizuia. Hiyo ni mbaya zaidi."

"Mzee," nikamuuliza, "wewe umejuaje, na simu zimezimwa?"

Mzee Oyaro akakohoa na kusema kuna vumbi. Mimi hasira zilinipanda na kicheko kilinipanda, vyote pamoja, na Mubarak alikuwa kwenye gari la watu nisiowajua. Maranga alikuwa katikati yetu kama mshtakiwa mwenye kesi mbili. Kwa mji alikuwa na hatia ya kunyamaza na kwa kanisa alikuwa na hatia ya kusema, na kila neno la kujitoa huku lilimzamisha kule.

Aliiwasha pale pale, mbele ya mzee wa kanisa. Simu ikatetemeka mkononi mwake mpaka nikadhani itazima. Akaanza kuandika, nami nikachungulia begani. "Ndugu zangu, kumekuwa na upotoshaji mkubwa kuhusu msimamo wangu..." Akaeleza Sabato. Akaeleza kutega. Aya tatu zilipita, Mubarak hajatajwa hata mara moja.

Nikampokonya. "Weka picha ya Mubarak! Weka hilo gari, weka namba ya Sainab! Wewe utajitetea baadaye!"

"Haya. Nitumie picha yake."

Hapo ndipo tulipoaibika sote wawili. Tulipekua simu yake, nikakimbia hemani kuichimbua yangu chini ya blanketi, tukaipekua nayo. Mtu tuliyekuwa tukimwona kila siku ya Mungu, hatukuwa na picha yake. Tulimpata katika moja tu, ya Idi, nyuma ya Valentine aliyekuwa anaonyesha hina: nusu ya uso na kiwiko. Tukamkata mtoto wetu kwenye picha, tukaituma nusu hiyo.

Majibu yakamiminika nami nikayasoma kwa tamaa, nikitafuta mtu mmoja tu aliyeliona gari jeupe. "Sasa ndiyo umeamka?" "Amelazimishwa huyo." "Picha yenyewe nusu, kama roho yake." Mwingine akauliza: "Wale wachimbaji waliofukiwa na udongo Macalder, uliwalilia?" Akajibiwa: "Na wewe unayeuliza, uliwalilia lini?" Wakaingia wa ile nchi ya mbali, wakasema kuwa wao wamesahauliwa tena kwa ajili ya mtu mmoja wa Migori. Niliteremka mpaka kidole kikaniuma. Kila mtu alikuwa anapima machozi ya mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lile gari lilielekea wapi.

Nikampigia Sainab. Alipokea, hakunisalimia.

"Mama Vale, simu yako ilikuwa imezimwa."

"Ilikuwa Sabato, dada yangu."

"Najua. Hata sasa ni Sabato."

Nilisikia watoto wakilia nyuma yake, na mtu akisoma Kurani. Akaniambia Bashir amekwenda Nairobi na wakili, kisha akakata. Siku hiyo iliyobaki niliketi kwenye mahubiri na sikusikia kitu. Nilijaribu kuomba. Nilijikuta nagombana na Mungu kuhusu simu.

Jumapili asubuhi Sainab ndiye aliyepiga. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Wamemtupa. Yuko hai. Kuna mama amempata kando ya barabara karibu na Homa Bay, amenipigia na simu yake. Nyinyi ndio mko karibu, Mama Vale. Nendeni."

Maranga alikodi gari, Probox ya mtu wa sokoni, na tukaondoka na hema letu limesimama vile vile. Yule mama tulimkuta mlangoni kwake, mjane mnene anayekausha omena kwenye neti uani. "Oyawore," akatuamkia kwa Kijaluo, "biuru, beduru piny," akatukalisha, akatumiminia chai kabla hajatuuliza sisi ni nani. Kisha akamwita mgonjwa wake kutoka chumbani.

Mubarak alitoka akichechemea. Jicho moja lilikuwa limefumba. Shati lake lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa damu, na yule mama alikuwa amemvika fulana ya matanga ya mumewe, ile ambayo familia huchapisha kwa mazishi. Kwa hiyo kifuani kwake mlikuwa na mzee wa watu, marehemu, anatabasamu, na juu yake Mubarak, aliye hai, hawezi kutabasamu. Sikujua nimtazame yupi.

Maranga alilia. Namaanisha alilia, kwa kamasi, kwa mabega. Miaka yote hiyo ya kuandika "tunalia nanyi" sikuwahi kuona chozi lake, na hapo alimshika Mubarak mikono yote miwili akashindwa hata kumpa pole. Nilimpenda sana wakati huo. Halafu akajifuta na kutoa simu.

"Mubarak, picha moja tu. Watu wajue uko hai. Wajue ulichofanyiwa."

Mubarak akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Hapana, Mwalimu. Weka hiyo simu."

"Lakini kelele ndizo..."

"Mwalimu, tafadhali."

Tulipokuwa ndani ya gari, dereva ameshuka kujaza mafuta, ndipo alipotuambia. Hawakumuuliza mengi. Walimpiga, wakamuuliza habari za mtu asiyemjua, wakampiga tena. Mwisho wakamtajia shule ya Sumeya, darasa lake na mlango anaotokea jioni. "Wakasema niende nyumbani ninyamaze. Wakisoma hadithi yangu mahali popote, wanajua pa kwenda."

"Basi tumwambie Bashir, mjue la kufanya," nikasema.

"Bashir asijue! Shemeji, wewe unamjua kaka. Akisikia wametaja mtoto wake, mchana huo huo yuko redioni anataja serikali nzima. Niapieni."

Tukamwapia, kila mmoja kwa namna yake. Kisha Maranga akauliza lile lililokuwa linanisumbua hata mimi. "Ile tuliyoandika jana, ilisaidia? Au iliharibu?"

Mubarak akafikiri. "Sijui. Kuna mmoja alikuwa anasoma simu anacheka. Labda waliogopa. Labda walinichoka. Sijui, Mwalimu."

Nimeligeuza hilo mara nyingi na bado silijui. Pengine tungeandika Ijumaa wangemwachilia Ijumaa, asipigwe hata kofi. Pengine tungeandika Ijumaa wangemmaliza. Naulaumu ule ukimya wetu na wakati mwingine naushukuru, na hakuna mtu wa kuniambia niushike upande gani.

Bashir alirudi kutoka Nairobi Jumatatu. Alimkumbatia mdogo wake muda mrefu bila kumwachia, kisha akatuma mtu akamwite Maranga. Sainab alileta chai na mahamri. Nilijua kinachokuja na nikaacha cherehani yangu, nikasimama mlangoni.

"Mwalimu, ya simu kuzimwa nimesamehe," Bashir akasema. "Dini ni dini. Mimi pia nikiwa kwenye swala sishiki simu. Sasa umemwona kwa macho yako, umemleta mwenyewe kutoka Homa Bay. Andika. Andika kila kitu, na mimi nitaweka jina langu chini."

"Siandiki, Baba Sumeya."

Bashir alidhani hakusikia vizuri. "Huandiki?"

"Siwezi kuandika hili."

"Kuna nini? Umetishwa?"

Maranga alitazama chai yake. "Hapana. Siandiki tu."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua kitenge wakaacha kuchagua. Mubarak alikuwa kwenye meza ya kukatia, utepe wa kupimia shingoni, mkasi ndani ya kitambaa. Mkasi ulisimama.

"Wale wa ng'ambo huwajui hata majina, unawaandikia kila wiki," Bashir akasema, na sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Huyu umekula naye. Amembeba mtoto wako mgongoni. Niambie ukweli, Mwalimu. Ni kwa sababu anaitwa Mubarak?"

Nilimtazama Mubarak. Sema, nilimwambia moyoni, sema neno moja tu. Hakuinua kichwa. Nilifungua mdomo mimi, na papo hapo Sumeya akaingia na yunifomu yake, anadai chai, nikaufunga.

"Fikiria unavyotaka, Baba Sumeya," Maranga akasema. Akainuka, akaaga, hakuna aliyemjibu.

Bashir akanigeukia mimi. Alikuwa na machozi. "Mama Vale, wewe sina ubaya nawe. Lakini hiyo cherehani iondoe hapo kwangu."

Sainab alinitazama tu akiwa ameshika birika. Kama anajua, kama hajui, uso wake haukunipa chochote.

Ukurasa ule upo mpaka leo, na chini ya kila anachoandika Maranga, hata akiandika habari za mtihani wa kidato cha nne, kuna anayeuliza: "Na Mubarak?" Anasoma, anailaza simu kifudifudi mezani, anasahihisha madaftari. Hategi tena kitu. Nilimuuliza kama ni toba au ni uchovu, akasema ningojee, akipata jibu ataniambia.

Siku ile ya kufukuzwa tulihamisha cherehani mchana, watu wakituangalia. Ile ya miguu ni chuma tupu, haibebwi na mtu mmoja. Maranga alishika upande wake, mimi nikashika wangu, na tulipofika ukingo wa baraza mikono yangu ikalegea. Mtu akanipokea kwa nyuma. Alikuwa Mubarak.

"Waache wabebe wenyewe!" Bashir akapiga kelele kutoka ndani.

Mubarak na Maranga walivuka barabara, kila mmoja na upande wake, wakipishana na bodaboda, bila kuongea wala kuangaliana. Wakaiweka mbele ya duka la vyombo ambapo nimekodi kipande. Sakafu pale haiko sawa. Mubarak akachutama na jicho lake lililovimba, akakunja karatasi ngumu, akaisukuma chini ya mguu mmoja, akaitikisa cherehani mpaka ilipotulia. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumshika mkono. Alinyanyuka akarudi dukani.

Baadaye kidogo akaja mama mmoja na kitambaa alichonunua kwa Bashir, akanitafuta barazani kwa macho, kisha akavuka. Akaniuliza kwa nini nimehama mahali pazuri vile. Nilimwambia upande huu una mwanga zaidi, nikachukua utepe nikaanza kumpima mabega.